Jinsi Regis Hudak Alivyomlindia Lantigua Nafasi ya Gari

Sogeeni karibu, enyi wapenda habari kubwa, na aliye na kikombe mkononi akiweke chini kisije kikamwagika, maana mambo nitakayoyasimulia yalitikisa mtaa mzima, kutoka nyumba ya kwanza bondeni hadi ya mwisho kilimani. Wako waliowatungia sifa wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka milima kwa tembo. Sina ugomvi nao. Kila mtu na wake. Mimi wangu ni Regis Hudak wa Mtaa wa Gaskell, mjini Pittsburgh, fundi mstaafu wa mabomba ya mvuke, mwana wa Stefan mfua chuma, mfupi wa kimo, mpana wa mabega, mrefu wa maneno, ambaye katikati ya baridi ya kukata masikio alisimama na sepetu mkononi akalinda kipande cha lami kisichozidi urefu wa gari moja, ili shujaa wa besiboli asije akakosa mahali pa kuegesha.

Ewe koo langu, usinikwame. Ewe kumbukumbu, niletee yote, hata yale ambayo Regis mwenyewe angependa yaachwe.

Kwanza ijulikane hali ya dunia ilivyokuwa. Msimu ulikuwa umekwisha, na Wahunzi, timu ya mji wetu, walikuwa wameshindwa kwa namna waliyoizoea. Uwanja umefungwa, na nyasi zake zimelala chini ya theluji. Katika miezi hiyo watu wa besiboli hawana mchezo wa kutazama, kwa hiyo huwatazama wachezaji waliomaliza mikataba yao, ambao wako huru kwenda watakako, nao hubishana usiku na mchana ni timu gani itawasajili. Na mwaka huo aliyekuwa huru ni Emeterio Lantigua, mrefu kuliko milango, mpana wa viganja, mpigaji wa mkono wa kushoto ambaye mpira ukikutana na gongo lake hautafutwi tena uwanjani, unatafutwa mtoni. Timu zote kubwa zilimtaka. Wahunzi nao walisema wanamtaka, ingawa tajiri mwenye timu hiyo alikuwa mtu wa kufungua pochi kwa taabu, mithili ya kopo la samaki lililokatika kishikio.

Baraza la vita lilikaa kila jioni katika baa ya Patsy Mancuso, mama mwenye sauti ya kengele, ambaye aliwauzia bia, samaki wa kukaanga na ukimya wake, na huo wa mwisho ndio uliokuwa ghali. Hapo ishara zilisomwa. Mke wa Lantigua alikuwa amebonyeza alama ya moyo kwenye picha ya daraja, na kwa siku kadhaa wanaume wenye wajukuu walibishana lile daraja ni letu au la. Mbwa wa Lantigua alionekana kwenye picha amevaa koti zito, na hapo kambi ya matumaini ilishangilia, maana mtu anayekwenda Los Angeles amvalishe mbwa koti la nini? Mtangazaji mmoja wa redio aliapa kwamba ana habari kutoka kwa mtu aliye karibu na mtu aliye karibu naye. Kambi ya New York ilicheka, kambi ya pwani ya magharibi ikacheka zaidi, na kambi ya nyumbani, ambayo jemadari wake alikuwa Regis, ikaagiza samaki mwingine.

Sasa mtu atauliza: Regis alitaka nini hasa? Kupenda timu kuna mipaka, na yeye alikuwa ameivuka zamani. Jibu ni kwamba Regis alimtaka Lantigua kwa sababu ya Loretta.

Loretta Hudak alikuwa mjane wa kaka yake Regis, marehemu Bernie. Ndugu hao wawili walikuwa na viti viwili vya msimu mzima, ghorofa ya juu, upande wa jua, na waliketi hapo tangu wakiwa na nywele. Bernie alipofariki, kiti chake kilibaki kwa mjane wake, na msimu wa kwanza Loretta alikuja, akaleta mto wake wa kukalia, akawatukana waamuzi kwa ufasaha ambao hata Bernie hakuwa nao. Msimu wa pili alichoka. Alisema ngazi ni nyingi na ushindi ni haba, akawa anampa tiketi yake jirani huyu na yule, na Regis akajikuta ameketi kando ya watu asiowajua. Vuli ilipofika, Loretta alimwambia shemeji yake waziwazi kwamba Wahunzi wakimsajili mtu wa maana atarudi, na wasipomsajili atawarudishia kiti chao. Mwisho wa kuijibu timu ulikuwa Ijumaa moja ya Desemba, saa sita mchana. Regis aliyachukua maneno hayo kama mkataba uliopigwa muhuri. Tangu siku hiyo alimpigia Loretta simu kila asubuhi kumpa habari za mbwa, za daraja na za mtu aliye karibu na mtu, na moyoni alihofu kitu kimoja tu, ambacho hakumwambia mtu yeyote: kuzeekea uwanjani akiwa na mgeni ubavuni.

Ikawa juma lile lile la mwisho, Jumatatu, mama mmoja, dalali wa nyumba, alipanda Mtaa wa Gaskell kwa viatu visivyofaa. Kilimani kabisa, karibu na kwa Regis, palikuwa na nyumba kubwa ya matofali iliyokuwa ya daktari wa meno, nayo ilikuwa ikiuzwa tangu kiangazi. Dalali alimkuta Regis akimwaga chumvi kwenye ngazi zake, akamuuliza kama mchana wa Alhamisi huwa kuna nafasi ya kuegesha, kwa sababu anamleta mteja. Regis, ambaye hakuwahi kujibu swali bila kuuliza matatu, alimhoji. Mteja ni nani? Dalali akasema hawezi kumtaja, kwa kuwa mkataba wa kazi yake na watu wa mji huu haujatiwa saini na hataki maneno. Ni mtu wa namna gani? Mrefu sana, akasema, na mikono yake mikubwa ajabu, huifunika simu yote. Na kazi yake? Zaidi ni ya jioni, mbele ya watu, na husafiri sana na wenzake.

Chumvi ilimponyoka Regis mkononi. Alimshukuru yule mama, akaingia ndani, akaketi kwenye ngazi ya ndani na kofia kichwani. Aliapa kwamba siri hiyo atakwenda nayo kaburini. Jioni alimwambia Patsy peke yake, na kabla sahani hazijaoshwa mtaa mzima ulijua kwamba Lantigua anakuja Alhamisi kuangalia nyumba ya daktari wa meno.

Si wote walioamini. Denny Capozzi, dereva wa gari la mikate, kijana wa miaka arobaini na ushei mwenye ulimi wa kuchonga, aliinuka pale baa akamwambia Regis mbele ya baraza lote: "Mzee wangu, mimi nakuheshimu, na mama yangu alinifundisha nisimcheke mtu mzima, kwa hiyo nitacheka nikifika nyumbani. Mtu mwenye pesa za kununua kilima chote, aje akae jirani na mimi? Anisikie nikiwasha gari alfajiri? Mwambie basi aje na kiti chake cha kulindia maegesho."

Regis alimjibu kwamba mashujaa wa kweli hupenda mitaa ya watu wa kweli, na kwamba historia ikija kumuumbua Denny asije akajifanya alikuwa upande wake. Patsy aliwaambia wote wawili wanywe.

Jumatano theluji ikashuka. Ilishuka bila huruma tangu asubuhi hadi giza, ikafunika magari, ngazi, mapipa ya taka na sanamu ya Bikira Maria iliyo mbele ya nyumba ya Capozzi, ikabaki mikono tu. Regis aliitazama dirishani, na wazo moja likamchoma. Lantigua atapanda kilima hiki, atazunguka, atazunguka tena, atakosa pa kuweka gari. Atasema, mji gani huu. Atateremka, atakwenda zake California ambako theluji huonwa kwenye kadi za Krismasi. Na kesho yake, saa sita, Loretta atarudisha kiti. Yote hayo kwa sababu ya nafasi moja ya gari.

Hapo Regis Hudak akajua aliumbiwa nini.

Alhamisi kulipopambazuka alijivika silaha. Alivaa suruali ya ndani ya sufi, na juu yake nyingine, na juu yake ya tatu iliyomfanya asiweze kupinda goti. Alijifunga ule mkanda wa mgongo aliopewa na daktari akaambiwa asibebe kitu. Alivaa kofia ya Wahunzi, nyeusi, yenye nyundo mbele. Akashika sepetu, akatoka, na majirani waliokuwa wakichungulia nyuma ya mapazia wanasema mvuke wa pumzi yake ulimzunguka kichwani, akaonekana mkubwa kuliko alivyo. Alichimba. Alipiga theluji ya juu, iliyo laini na isiyo na ushindani, akaishinda. Akaifikia ya kati, iliyo nzito, akapigana nayo huku akipumzika kila baada ya hatua na kujifanya anatazama mawingu. Akaifikia ya chini, iliyogeuka barafu, akailaani kwa Kislovakia cha bibi yake, lugha ambayo hakuijua isipokuwa katika sehemu hiyo.

Saa nne na nusu nafasi ilikuwa wazi, nyeusi, safi, na Regis alisimama kando yake akitweta kwa fahari. Ndipo lilipotokea greda la mji. Lilikuja likiunguruma kutoka juu, taa zake zikizunguka, likapita mbele yake bila salamu, na theluji yote iliyokuwa katikati ya barabara likaimwaga pale pale alipochimba. Dereva alimpungia mkono. Mashujaa wengi wangekwenda ndani kulala. Regis alikwenda ndani kwenda haja, akarudi, akaanza upya.

Saa saba alikuwa amemaliza mara ya pili, na akafanya lililobaki: alileta kiti cha jikoni, chenye miguu ya chuma na kikalio cha manjano kilichopasuka, akakiweka katikati ya nafasi. Maana katika mtaa ule iko sheria ambayo haikuandikwa popote na hakuna polisi aliyewahi kuisimamia. Mtu akiifukua nafasi kwa mikono yake, huweka kiti, na nafasi ni ya gari lake. Kiti chochote kinatosha. Watu walioibiana wake wamesameheana katika Mtaa wa Gaskell. Aliyesogeza kiti cha mwenzake hajasamehewa, na mmoja wao ilibidi ahamie Ohio.

Basi Denny Capozzi akarudi kazini na gari lake la mikate, akakuta mtaa mzima umezikwa isipokuwa nafasi ile. Alisimamisha gari, akashusha kioo, akakitazama kiti, akamtazama Regis, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akazungumza polepole.

"Mzee Regis," akasema, "kiti hiki ni cha nani?"

"Ni changu."

"Na gari ni la nani? Maana mimi nijuavyo, wewe uliuza gari lako ulipotolewa mtoto wa jicho. Sheria nimeikuta hapa, sikuitunga. Kiti ni cha aliyechimba, kwa gari la aliyechimba. Huwezi kumwekea kiti mtu ambaye hajui hata tunaishi. Leo ni Lantigua, kesho utamwekea Papa wa Roma."

Pigo hilo lilikuwa zito, kwa sababu lilikuwa la haki, na mapazia yalitikisika mtaa mzima. Regis alishika sepetu kwa mikono miwili akasimama mbele ya kiti chake. Akanena kwa sauti ya kusikika hadi bondeni kwamba sheria ile ina moyo, na moyo wake aliuona yeye mwenyewe mwaka ule mama Petrakis alipokuwa mahututi, ambapo wanaume wote wa mtaa walichimba nafasi moja, wakaweka kiti, ili padri apate kuegesha. Padri hakuchimba. Padri alikuwa wa mtaa mwingine. Na baba yake Denny mwenyewe, mzee Capozzi, ndiye aliyeleta kiti. "Mtu anayekuja kuokoa roho huwekewa nafasi," akasema Regis. "Ukibisha, mwanangu, nenda kabishane na baba yako kwenye picha."

 Denny alikuwa na hoja nyingine, lakini zote zilipitia kwa baba yake. Mwishowe walifanya mapatano, kama wafanyavyo majeshi yaliyochoka: nafasi ingekuwa ya Lantigua hadi saa tisa. Ikipiga saa tisa, Denny angekinyanyua kile kiti kwa heshima zote na kukiweka barazani kwa Regis, kisha angeegesha, kwa kuwa alikuwa macho tangu saa nane za usiku na miguu yake haikuwa tena mali yake. Akasogeza gari la mikate kando ya barabara, injini ikinguruma, akawasha redio akangoja. Regis aliketi kwenye kiti. Wakangoja wote wawili, hatua chache baina yao, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo.

Zilipobaki dakika ishirini hivi, wakatokea watu wawili wakipanda kilima kwa miguu. Mmoja alikuwa yule dalali, safari hii na viatu vya maana. Wa pili alikuwa mrefu, mrefu kweli, koti jeusi hadi magotini, kofia imeshushwa usoni, na mikono yake mikubwa ilining'inia kando. Moyo wa Regis ulipiga kama mlango uliosahauliwa wazi. Aliinuka, akavua kofia ya Wahunzi katika baridi ile, na kipara chake kikatoa mvuke.

"Karibu," akasema. "Karibu Mtaa wa Gaskell. Mimi ni Regis Hudak. Nafasi hii nimekuchimbia mwenyewe, mara mbili. Sisi si watu wa makuu, na yule mwenye timu ni bahili, hilo unalijua, lakini ukipiga mpira hapa ukaangukia mtoni, kuna watu watakaokumbuka siku hiyo mpaka wazikwe. Huko pwani watakupigia makofi na kwenda kula. Hapa utakuwa wetu. Gari lako liko wapi?"

Yule mtu aliivua kofia yake naye, kwa adabu. Alikuwa na nywele za kimanjano, miwani minene na uso wa mtu anayesoma akiwa anatembea. Akasema kwa upole kwamba gari hana, wamepanda basi hadi bondeni, na kwamba anadhani amefananishwa. Jina lake Anselm Okerlund, mpigaji wa ile fidla kubwa ipigwayo kwa kusimama, ambaye anajiunga na okestra ya mji endapo mkataba utakwenda vizuri. Akaongeza kwamba haya ndiyo mapokezi mema kuliko yote aliyowahi kupata mahali popote. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alitaka kusaidia, akauliza, "Kwani mlikuwa mnamngoja nani?"

"Lantigua," akasema Regis.

"Ndiye nani huyo?"

Nimesimulia vita vingi, lakini sijaona mkuki uliorushwa kwa upole kiasi hicho. Regis akaivaa kofia yake. Akamwambia yule mwanamuziki kwamba ni mchezaji, mchezaji tu, na kwamba nyumba ya daktari wa meno ina paa zuri ila mabomba ya mvuke ya ghorofa ya pili yanagonga, na yeye anaweza kuyarekebisha. Wakashukuru, wakaenda. Mapazia yalitulia moja baada ya jingine, kwa aibu ya kushuhudia.

Na kana kwamba hayo hayakutosha, redio ndani ya gari la mikate ikakatiza tangazo la magodoro. Mtangazaji alikuwa akipiga kelele. Lantigua ametia saini. Miaka kumi, pwani ya magharibi, kwa timu ambayo ilikuwa na mashujaa tele na haikuwa na haja naye. Regis aliyasikia yote, neno kwa neno, akiwa ameshika mgongo wa kiti chake. Naye Denny Capozzi, ambaye kwa miezi miwili alikuwa ameandaa la kusema siku hiyo ikifika, alinyoosha mkono akaizima redio.  Hilo nalo liandikwe.

Saa tisa ilikuwa bado kidogo. Denny aliingiza gia taratibu, akasogea mbele ya nafasi, akangoja dakika zake kwa uaminifu. Wakati huo huo gari dogo la kijani likapanda kilima likiteleza huku na huku, likapiga pembe, likasimama pua kwa pua na gari la mikate. Ndani yake alikuwamo Loretta Hudak, miaka sabini na mmoja, skafu ya maua kichwani, ameshika usukani kwa mikono miwili kama atakayeung'oa. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mto hata kabla ya tangazo, kuja kusema neno ambalo hakutaka kulisema kwa simu, na Regis alipomwona usoni alijua ni neno gani.

Alisimama hapo baina ya magari mawili. Upande mmoja sheria, na mapatano, na mtu aliyekuwa macho tangu usiku. Upande wa pili shemeji yake, ambaye akikosa nafasi angemwambia dirishani kwa sentensi moja na kugeuza gari. Regis aliinama, mkanda wa mgongo ukalia, akakinyanyua kiti.

Denny alitoa kichwa dirishani. Akamtazama yule bibi, akakitazama kiti, akamtazama mzee.

"Huyu ndiye Lantigua wako?"

"Ndiye," akasema Regis.

 Denny akaingiza gia ya kurudi nyuma, akateremka kilima kinyumenyume hadi bondeni, ambako aliegesha mbali sana na akapanda kwa miguu akiwatukana Wahudak wote, waliokufa na walio hai, hadi mlangoni kwake.

Loretta aliingia nafasini kwa jaribio la tatu, baada ya kuliangusha pipa la taka la jirani. Hakuzima gari. Alishusha kioo.

"Shemeji, redio umeisikia?"

"Nimesikia."

"Basi nisikuzungushe. Kesho nawarudishia kiti. Nimeona nikuambie uso kwa uso, Bernie angetaka hivyo."

Regis alifungua kinywa. Lililomjia lilikuwa lile la kila asubuhi, kwamba mambo hayajaisha, kwamba yupo mrushaji mpira mmoja bado hajasajiliwa, na mkewe ana shangazi Pittsburgh. Alilitazama neno hilo, akaliona halina kazi, akalimeza.

"Loretta," akasema, "Septemba lile jamaa ulilolipatia tiketi liliketi pale kwa Bernie, likaniuliza mchezo huu una mapumziko saa ngapi. Niliondoka. Katikati ya mchezo. Sijawahi kuondoka katikati ya mchezo maisha yangu yote, hata siku ile ya mvua ya mawe. Lantigua simjui, hanijui. Aje asije, mimi nitakwenda, nimezoea. Ila sitaki kukaa pale peke yangu. Basi. Ndilo hilo tu."

Loretta akazima gari. Alipozungumza, macho yake kwenye ukuta wa theluji, sauti yake ilikuwa ya ukali, kwa sababu nyingine isingetoka.

"Miezi miwili unanipigia simu alfajiri kuniambia habari za mbwa wa watu. Hili ulishindwa kulisema?"

"Ulisema wamsajili mtu wa maana."

"Nilisema hivyo ili uniache ninywe chai yangu, Regis."

Hapo ndipo mazungumzo ya mkataba yalipoanza, na yalikuwa makali, maana Loretta hakuwa mtu wa kukubali la kwanza. Alidai kiti cha ukingoni, ambacho Regis alikuwa amekikalia tangu ujana wake, akapewa. Alidai mto wake ubebwe na mwingine kwenye zile ngazi, na karanga zinunuliwe na huyo huyo, akapewa. Alidai asipigiwe simu kabla ya saa tatu asubuhi kwa jambo lolote isipokuwa kifo, na hapo Regis alisita, akaomba pawe na ruhusa maalumu kwa usajili mkubwa, akanyimwa, akakubali. Kwa upande wake Regis alidai jambo moja tu, kwamba wakae hadi mwisho wa kila mchezo hata wakiwa wanachapwa. Loretta alisema yeye hajawahi kuondoka mapema, wa kuondoka wanajulikana. Wakapeana mikono dirishani, glovu kwa glovu.

Kisha akataka kuondoka, na Regis akamkumbusha sheria. Gari likitoka, nafasi imekwenda, na Capozzi yuko dirishani na koti lake bado mwilini. Kuondoka ni kumkabidhi ushindi. Loretta alitazama juu, akaona pazia la Capozzi likitikisika, akashuka garini. Alikaa hadi chakula cha jioni. Walikula pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na vitunguu, wakabishana juu ya yule mrushaji mwenye mke mwenye shangazi, na ni Loretta aliyeuliza kwanza kama kuna anayejua shangazi huyo anakaa mtaa gani.

Haya ndiyo yaliyotendeka, na waliokuwa nyuma ya mapazia ni mashahidi. Magazeti ya mji yaliandika Ijumaa kwamba Wahunzi wanapitisha majira mengine ya baridi bila kumsajili mtu wa maana. Magazeti yalikosea, na anayeyahifadhi ayasahihishe kwa wino: siku ya Alhamisi, kabla ya saa tisa, katika Mtaa wa Gaskell, alisajiliwa Loretta Hudak, kwa msimu mmoja, kiti cha ukingoni.